Kabati Lisilo na Milango

Mwalimu wetu wa Baiolojia anastaafu tarehe 30 Novemba mwaka huu, baada ya kufundisha katika shule hii ya kanisa kwa miaka thelathini na minne bila kuhamishwa wala kuomba uhamisho. Mkuu wa shule ameniomba mimi niandike wasifu wake, kwa kuwa nilikuwa mpishi mkuu hapa hadi nilipostaafu mwenyewe, na kwa kuwa Mwalimu mwenyewe ni binti yangu. Akaniambia ukurasa mmoja utatosha. Mkuu wa shule hana mtoto kama huyu, ndiyo maana anadhani hivyo.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Atakayekuta kosa la mwandiko anisamehe. Kosa la sifa halimo, nimezipima.

Alipoanza kazi alikuwa na miaka ishirini na sita, na maabara ilikuwa stoo ya viti vibovu yenye bomba moja linalovuja. Alifagia mwenyewe, akaziba bomba kwa kitambaa cha jikoni kwangu ambacho hajakirudisha hadi leo. Mwaka wa tatu wanafunzi wake wakafaulu Baiolojia kuliko shule zote za jirani. Wamo madaktari wanne aliowafundisha yeye, wamo wakunga sijui wangapi, na mchungaji wetu wa sasa naye alikaa kwenye madawati yale. Sisemi haya kwa sababu ni wangu. Hata angekuwa wa mwingine ningesema, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Wanafunzi walimpa jina la Mama Mifupa, na kwa hilo nalaumiwa mimi. Vitabu vilikuwa na picha tu, naye alitaka watoto washike kwa mikono. Basi akawa ananiletea wanyama waliokufa, nami nawachemsha hadi mifupa itoke myeupe: kuku, chura, paka aliyegongwa na gari, na popo aliyeokotwa kwenye dari ya kanisa. Sufuria yao ilikuwa ya peke yake, nimeifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Lakini habari ilipofika ofisini kuwa mpishi anachemsha popo, walimu walikula ndizi kutoka nyumbani kwao siku mbili nzima. Mwalimu wa Hesabu hadi nastaafu alikuwa akichungulia mpini kabla ya kupokea sahani.

Kazi ya mifupa ile ilikuwa somo moja kwa mwaka, somo la mageuzi ya viumbe. Hapa kwetu kila kipindi huanza kwa sala. Siku hiyo yeye aliipeleka sala mwisho, akasema watoto waone kwanza ndipo wajue wanashukuru nini. Alipanga mezani mkono wa popo, wa paka, wa chura na bawa la kuku, kisha akawaambia wakunje mikono ya shati na kulaza mikono yao pembeni. Hesabuni, anasema. Mfupa mmoja wa juu, miwili ya chini, vifupa vya kifundo cha mkono, halafu vidole. Wote wanahesabu, na kote hesabu inaangukia palepale, isipokuwa kuku na chura ambao baadhi ya mifupa yao imeungana, naye huwaonyesha ilipoungana. Ndipo anawaambia kuwa sisi na hawa ni ndugu wa mbali sana, wa miaka ambayo hakuna ajuaye kuitaja, na kwamba Mungu hakuwa na haraka.

Mwaka mmoja nilikuwa dirishani na kikapu cha mifupa, nikasikia msichana analia. Anauliza kama sasa aache kanisa au aache Baiolojia. Mwalimu akamwambia, "Nani amekwambia uchague? Mimi mbona Jumapili uliniona kwaya?" Msichana akajibu, "Nilikuona, Mwalimu. Ulikosea mstari wa pili." Darasa likacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Nami nilikuwa na wasiwasi wangu, siwezi kuficha. Nilimwuliza jikoni, nikiwa nakanda unga. Hakunijibu kwa kitabu. Aliniuliza, "Mama, unga ukishaufunika ukaumuka wenyewe, mkate ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu, nani mwingine. Akaniambia, "Basi." Tangu siku hiyo nalala vizuri.

Baba yake hakulala vizuri. Mume wangu ni fundi seremala na mzee wa kanisa, na mabenchi yote mnayokalia ibadani ni kazi ya mikono yake. Binti alipofikisha miaka minane kazini, baba alijitolea kumtengenezea kabati la maabara, zawadi. Alileta mbao nzuri, akaranda, akaunga, rafu nne hazina hata msumari unaoonekana. Akaja kupima nafasi ya vioo vya milango, akauliza kila rafu ni ya nini. Binti hajui kudanganya, hilo kosa ni letu wenyewe. Akamwambia ya juu ni ya popo, inayofuata ya paka, halafu chura na kuku, na ya chini ni ya mkono wa mtu uliofinyangwa kwa plasta.

Mzee akauliza, "Mkono wa mtu unakaaje nyumba moja na paka?"

Akaelezwa. Akasikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti. Alikusanya patasi zake moja moja, akazifunga kwenye turubai, akasema vioo vimepanda bei. Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita. Kabati limekaa bila milango hadi mwezi huu.

Mafundi wengine walijitokeza. Shule ilitaka kuajiri mtu. Binti akakataa kila mara, akasema fundi wake bado hajamaliza. Akashona pazia la kuzuia vumbi, na kila Ijumaa akapangusa mfupa mmoja mmoja kwa brashi ya rangi.

Msidhani waligombana. Kila Jumapili baada ya ibada binti alikuja kula kwetu, akamkatia baba yake nyama vipande vidogo tangu meno yalipoanza kumwacha. Waliongea habari za paa, za mvua, za magoti. Lakini mara nyingine alisahau, akaanza, "Leo darasani," halafu akanyoosha mkono akachukua jagi la maji. Nami nilimwona mzee ameshaacha kutafuna, anangoja sentensi imalizike. Haikumalizika. Mmoja alitamani kuulizwa, mwingine alitamani kuambiwa, na mimi katikati nagawa wali. Nimepika miaka mingi na sijaona chakula kigumu kama hicho.

Mwezi uliopita mchungaji alitangaza kanisani kuhusu kustaafu huku. Hakuishia kutangaza. Alisema akiwa na miaka kumi na saba alikuwa ameshaamua kumwacha Mungu, kwa sababu alidhani akili yake na imani yake haziwezi kukaa chumba kimoja, na kwamba ni katika maabara ile, mkono wake ukiwa kando ya mkono wa popo, ndipo alipoona anaweza kubaki. Akasema bila Mwalimu huyu leo asingekuwa amesimama pale. Mzee wangu alikuwa benchi la mbele, ameliranda mwenyewe. Aliangalia magoti yake hadi wimbo wa mwisho.

Jumatatu akaniuliza futi kamba yake ya kupimia mbao iko wapi. Nilimwuliza ya nini. Akasema, "Mimi sijakubali habari za popo. Nasema vumbi linaharibu vitu."

Ana miaka themanini na minne na mikono inatetemeka, kwa hiyo mlango mmoja umemchukua wiki tatu. Jumanne nilimsindikiza kuufunga. Binti aliingia na daftari zake akamkuta babaye amepiga goti, parafujo mdomoni. Mzee alizitoa parafujo, akanyoosha kidole rafu ya juu, akauliza, "Huyu ndiye popo wa kanisani?"

"Ndiye, baba."

"Mdogo. Nilidhani ni mkubwa." Akakunja mkono wa shati ili afikie bawaba, na alipomaliza kazi hakuushusha. Aliangalia rafu, akaangalia kiganja chake. Halafu akasema, "Eleza tena. Polepole."

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, wa sasa na waliokwisha kuondoka, tunamshukuru Mwalimu kwa miaka yake yote. Wageni mtakaopita maabara siku ya sherehe mtakuta kabati lina mlango mmoja tu. Msiulize. Mzee anasema wa pili hawezi peke yake, anahitaji mtu wa kumshikia ubao. Nimemwambia kuanzia tarehe moja Desemba yupo mtu mwenye nafasi.

Nenda, binti yangu, na siku zako ziwe ndefu na zenye amani. Baba yako anakungoja karakanani.