Bi Masouda na Wake Wenza wa Kiingereza

Bi Masouda binti Thabit, tuliyemzika jana Al Amerat, alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 9 Agosti 1956, kitinda mimba wa Mzee Thabit bin Hamood. Alisoma Unguja hadi 1972 alipohamia Maskati na mamake, kisha akasomea ukunga Bahrain na kuhitimu 1978.

Alizalisha kwa miaka ishirini na minane. Mzazi aliyemwita mkunga mwingine alinuniwa mpaka arubaini. Marehemu alikuwa na wivu, na hakuuficha.

Mwaka 1982 aliolewa na Bwana Bakhit bin Jaifar, mwalimu wa historia, akakuta ameingia kwenye ndoa ya wengi. Mumewe alikuwa akiuchunguza ukoo wa Wexcombe, makabaila wa Kiingereza wa zamani. Kaka mtu alikuwa waziri London, akipitisha kodi bungeni. Mdogo wake alikuwa gavana wa koloni huko Amerika, na ndiye aliyepigwa mawe kwa kuzikusanya. Bwana Bakhit aliwataja akila, akaoga akiwataja.

Mwaka 1986 alipata nafasi ya kwenda London kusoma nyaraka zao. Marehemu alikuwa mjamzito.

"Nenda," alimwambia. "Lakini ujue n'nakuruhusu kwa mke mwenza."

Rahaf alizaliwa Machi 1987, baba hayupo. Hata jina hakuulizwa. Aliporudi Agosti, hakukuta kitabu hata kimoja nyumbani. Vyote vilikuwa Wadi Kabir, chumba cha nyuma cha gereji ya Aflah, kakake marehemu.

"Wake wenza hawakai nyumba moja," Bi Masouda alisema. "Ukiwataka, wafuate."

Akawafuata, miaka na miaka. Kila alipotoka huko alikuta chakula kimepoa, na mkewe hakipashi.

Mwaka 2023 marehemu alipatikana na saratani. Alipokuwa hawezi tena kutoka, siku moja baada ya alasiri alisema, "Hebu n'simulie hao watu wako."

Bwana Bakhit akasimulia. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mke wa gavana?"

"Alibaki Uingereza. Sikumfuatilia sana."

"Umri wote huo, Bakhit, na hukumuuliza habari zake?"

Kesho yake Aflah alivileta vitabu kwa gari, kwa amri ya marehemu mwenyewe. Bwana Bakhit akamtafuta yule bibi, akamkuta: yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kumwombea shemeji yake kura, huku mumewe yuko ng'ambo ya bahari. Marehemu alimpenda. Alidai habari zake kila siku, na Bwana Bakhit akikawia aliuliza yuko wapi na nani.

Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025, baada ya adhuhuri, Bwana Bakhit alikuwa akimsomea. Marehemu akamgusa kiganja. "Mwache na yeye apumzike," alisema. "Sasa n'tazame mimi."

Akakifunga kitabu, akamtazama mpaka roho ilipotoka.

Ameacha mume, Bwana Bakhit, watoto wawili, Rahaf na Mutasim, wajukuu wanne, na kakake, Aflah. Mola amrehemu, amkunjulie kaburi lake, apumzike kwa amani asiyogawana na mtu.