Darasa Linaloanza kwa Kulala

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa kituo chetu cha afya; Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa; wauguzi wote, wa zamu na mliotoroka zamu kuja kunisikiliza; mtaalamu wetu wa viungo, binti yetu tunayekuaga leo; mke wangu, uliyekaa mstari wa nyuma kana kwamba hunijui; na ninyi wanadarasa wangu wa yoga wa Jumatatu na Alhamisi: nawasalimu nyote. Wakubwa kwa vyeo vyenu. Wadogo, shikamoo zenu nitazipokea nje.

Hotuba hii nimeiandika mwenyewe, siku nne, kwa mkono huu uliojenga nusu ya nyumba mnazolala. Shule niliiacha mapema, nikashika mwiko wa ujenzi, na sijawahi kujuta. Kwa hiyo mkiniona nimesita katikati, si machozi. Ni mwandiko.

Mganga Mkuu amenipa swali moja na ametaka nilijibu hapa hapa, mbele yenu. Mtaalamu akishaondoka, darasa nalichukua, au linafungwa? Mwenyekiti yeye alishasema kwenye kikao kwamba bora lifungwe kuliko kufundishwa na mtu asiye na cheti. Mwenyekiti, nakuheshimu. Ukuta wa sebule yako niliujenga mimi, bila cheti, na mpaka leo unauegemea.

Lakini kusema kweli, ndugu zangu, nimechanganyikiwa. Na mimi si mtu wa kuchanganyikiwa. Ngoja niwaeleze.

Miaka miwili iliyopita mgongo wangu ulikataa kabisa. Nililetwa hapa nimekunjika kama bawaba. Binti huyu mnayemwona akaniweka kwenye chumba cha mazoezi pamoja na wenzangu kumi, akatufundisha kupumua tukiwa tumekaa kwenye viti. Wiki tatu tu. Kisha akaenda likizo ya uzazi. Siku ya kuondoka akaniita: "Baba, wewe una sauti, na wenzako wanakuogopa. Washikie darasa lisipoe. Fuateni picha hizi." Akanikabidhi bango lenye picha kumi na mbili za mtu anayefanya yoga, mistari minne, picha tatu tatu. Namba hazikuwepo. Maneno yalikuwepo, madogo kama sisimizi, nami sikuyasoma. Nani anahangaika na maneno wakati picha ipo?

Sasa niambieni, fundi akionyeshwa ukuta wenye mistari minne, anaanzia wapi? Juu, hewani? Nilianzia chini, kwenye kona, kama nilivyoanzia maisha yangu yote. Na pale kwenye kona ya chini kulikuwa na mtu amelala chali, mikono kando, macho amefumba. Nikasema, vizuri, huu ndio msingi. Nikawalaza wote kumi sakafuni, nami nikalala. Robo saa. Kisha tukapanda, mstari kwa mstari, mpaka tukamaliza tumesimama wima, tukaagana, tukaenda nyumbani.

Miezi mitano tulifanya hivyo. Kutoka kumi tukafika ishirini na sita. Jiwe, simama wakuone. Huyu ni mpakizi wa magunia, mnamfahamu kwa ubishi wake. Siku yake ya kwanza alilala pale chini, na haikupita muda nikasikia analia. Nikamwuliza, "Jiwe, umeumia wapi?" Akanijibu bila kufumbua macho, "Sijaumia, Fundi. Niache." Mpaka leo sijui alichokuwa analilia, na yeye anasema hajui. Kaa, Jiwe.

Basi mtaalamu akarudi. Akafungua mlango, akatukuta ishirini na saba, mimi nikiwemo, chini kama samaki sokoni. Akanong'ona, "Fundi, mmemaliza mapema leo?" Nikamwambia, "Kumaliza nini? Ndiyo kwanza tunaanza." Akaziba mdomo. Alicheka au alishtuka? Nimemwuliza mara tatu, hanijibu. Darasa lilipokwisha akanionyesha kwamba bango linasomwa kutoka juu, na kwamba kulala ndiko mwisho, pumziko baada ya kazi. Dunia nzima inafanya hivyo. Mimi peke yangu nilikuwa nimelipindua. Hata hivyo akaniachia niendelee kulishika darasa, yeye akarudi kwa wagonjwa wake.

Mnajua habari inavyotembea. Kesho yake kinyozi ananipigia kelele toka mlangoni: "Mzee, kumbe na nyumba zetu ulianzia paa?" Nikamjibu kwamba nimeanzia chini, wewe ndiye huelewi. Nikaondoka kifua mbele. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu, mke wangu ni shahidi. Sijawahi kuchekwa kwa kazi yangu. Kwa umri wangu huu!

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Si lile la bango. Hili hapa: nilianza kufundisha kwa ajili ya kinyozi. Nikamwomba mjukuu wangu anionyeshe video za walimu wa yoga kwenye simu, nikakopa kila kitu. Kusimama kwanza, kulala mwisho. Nikaacha kufoka, nikawa naongea kisauti laini, "Sikilizeni pumzi... achieni mabega..." Jiwe akaniuliza, "Fundi, koo linakuuma?" Nikamwambia nyamaza, hii ndiyo yenyewe.

Ndani ya mwezi mmoja tukabaki tisa.

Nikamfuata msusi wetu kazini kwake, yule pale mwenye kilemba cha kijani, nikamkuta vidole viko kichwani mwa mteja. Nikamwuliza, mama, mbona umetukimbia? Hakugeuka hata kunitazama. "Fundi, mimi nasimama tangu asubuhi. Nikija kwako saa kumi na moja jioni unaniambia nisimame tena. Zamani nilikuwa nafika, nalala, hakuna anayeniuliza kulikoni, halafu ndiyo najiona nina miguu. Sasa nije kufanya nini?" Mteja wake naye akadakia kutoka chini ya kitana: "Na ile sauti mpya, mzee, wanasema unaongea kama unambembeleza mtoto mchanga." Mpaka mteja, ambaye hajawahi kutia mguu darasani!

Nikaenda kwa mtaalamu kujisalimisha. Nikamweleza yote. Akasema, "Baba, shingo za watu zilinde kama nilivyokuonyesha. Hayo mengine, fundisha unavyofundisha wewe."

Haya, nisaidieni. Hiyo ni sifa, au alikuwa amenichoka? Mke wangu anasema ni sifa. Shemeji yangu anasema ndivyo watu wasomi wanavyokukatia tamaa, kwa adabu. Binti, uko hapa, unatabasamu, na bado sielewi unatabasamu nini. Kama nimekosea, mbona walirudi nilipowalaza tena? Kama nimepatia, mbona hakuna kitabu kinachoniunga mkono? Nimejenga shule mbili na zahanati, na kila jengo nililijua litasimama kabla sijaliezeka. Hili silijui. Nimelizunguka siku nne nzima na kalamu, na nimeishia kulizunguka tu.

Binti yetu, uendako wakupokee vizuri. Ulinikuta siwezi kuvaa soksi. Sasa navaa, tena nimesimama kwa mguu mmoja, na mtu yeyote wa rika langu humu anayeweza hivyo ajitokeze. Naona hakuna. Asante sana, mwanangu.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, jibu langu ni kwamba darasa nalichukua. Silichukui kwa kuwa nimelielewa. Nalichukua kwa kuwa msusi anatoka kazini saa kumi na moja kasorobo na miguu yake haitasubiri mimi nielewe. Mwenyekiti, kinyozi, na mteja wa yule mama, milango iko wazi Jumatatu. Anayetaka kuanza kwa kusimama, ruhusa, asimame. Sisi tutakuwa chini, na tutamkuta hapo hapo tukipanda.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Maneno yangu yamekwisha.