Malkia wa Mrusi na Kahawa ya Gatimu

Benchi hii ni yangu. Nasema mapema kwa sababu wanaoikalia wameanza kunipangia mimi nikae wapi. Niliiweka nje ya kibanda changu cha viatu, karibu na lango la soko la Karatina, ili mteja akae nikimshonea. Mteja hapati nafasi. Anayekaa ni Gatimu, tunayemwita Grandmasta kwa sababu ya kipande cha gazeti alichonacho tangu ujana: mchezo wa chesi ambapo Mrusi mmoja alitoa malkia wake aliwe bure, halafu akashinda. Kando yake hukaa Theuri, jina lake la utani Methali, na sijawahi kumsikia akiweka methali hata moja mahali pake. Katikati yao huwa chupa ya chai, maana sisi kahawa tunailima tu, hatuinywi. Tangu mwaka juzi Gatimu anaapa kung'oa mashina yake mia mbili ya kahawa, ingawa sheria inakataza na chifu ndiye mlinzi wake, ili mkewe apande viazi. "Natoa malkia," husema, na sisi tunaitikia. Jumamosi hiyo ya Oktoba, mwaka wa tisini na saba, alikuja na jembe kabisa, na mlima ulikuwa umeshaanza kunguruma kwa mvua. Lakini hakwenda shambani. Alikuwa akimngoja Moffat.

Moffat anafundisha watu kuchapa kwenye chuo chenye kompyuta mbili. Mwezi wa tano, tuliposikia kwamba kompyuta ya Amerika imempiga bingwa wa dunia wa chesi, alitafuta diski yenye programu ya chesi. Gatimu naye akampa kile kipande cha gazeti kikapimwe. Sasa Moffat alifika, saa nne, na karatasi ndefu ya printa yenye matundu kandokando.

— Imesema nini? Gatimu akauliza kabla mwenzake hajakaa.

— Imefikiria tangu jana asubuhi, Grandmasta. Pole. Ati hiyo malkia haikufaa kutolewa. Huyo mwingine angerudisha farasi nyuma, Mrusi angekuwa amekwisha.

— Amekwisha wapi na alishinda?

— Alishinda kwa vile huyo mwingine hakuona.

— Basi alishinda!

— Alishinda vibaya.

Niliweka sindano chini. Nimeshona viatu miaka kumi na tisa na sijawahi kumwona mtu aliyeshinda vibaya. Theuri akakohoa, nikajua tumekwisha.

— Nyinyi hamuelewi. Hiyo kompyuta ni ya Amerika. Utaipea mchezo ya Mrusi iseme ni mzuri? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi? nikamuuliza.

— Inaingia. Fikiria tu.

— Kompyuta haina kabila, Moffat akasema.

— Kila kitu iko na kabila, bana. Na hamjiulizi, hao watu wa kununua kahawa huko ng'ambo wanapanga bei na nini? Na hiyo hiyo! Ikisema farasi irudi nyuma, bei inarudi nyuma.

Gatimu akasimama nusu.

— Kwa hivyo ikijua mtu anataka kung'oa...

— Inajua! Moffat, uliipea jina yake?

— Niliandika tu "Gatimu" juu ya kazi, ndio nisipoteze.

— Umemaliza mtu! Kufika jioni chifu ako na habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Moffat alijaribu kueleza kwamba kompyuta ya chuo haijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa ukuta. Hakuna aliyemsikiliza.

— Basi iwekee kahawa, Gatimu akasema. Iambie mashina ni mia mbili, chifu ako hapa, mvua iko hapa. Iniambie ning'oe ama niwache.

— Grandmasta, inajua tu miraba sitini na nne ya chesi.

— Mimi niko na ekari moja. Hiyo ni kidogo, inaweza.

Mungu anisamehe, nilitamani kumchapa na soli.

— Ng'oa ama uwache, nikamwambia, lakini toka kwa benchi yangu!

— Wee wacha. Mimi nilikuwa naamini huyo Mrusi. Kama malkia yake ilikuwa makosa, kahawa yangu je?

Alisema kwa sauti ndogo, na kwa kitambo hasira ikanitoka. Ndipo Gladwell, mkewe, akatokea upande wa soko. Hajawahi kusimama kwenye benchi hii. Alikuwa na buti zenye matope na kikapu cha mbegu za viazi zilizochipuka urefu wa kidole.

— Baba Watiri, bado?

Gatimu akamweleza yote: gazeti, malkia, diski, farasi wa kurudi nyuma, hata chifu wa ndani ya kompyuta. Gladwell alisikiliza hadi mwisho bila kutua kikapu.

— Huyo Mrusi, akauliza, alikaa muda gani ndio atoe hiyo malkia?

Gatimu akainua uso. Hilo lilikuwa kwenye gazeti, na alifurahi kuulizwa kitu anachokijua.

— Dakika nne! Saa yake ilikuwa karibu kuisha.

— Na wewe?

Theuri akafunga vifungo vya koti lake. Moffat akaanza kuhesabu matundu ya karatasi yake. Gatimu aliinamisha chupa ya chai juu ya kikombe, ikatoa majani tu. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye benchi, la pili likaanguka juu ya farasi aliyeandikwa kwenye karatasi ya Moffat.

Gladwell akachukua jembe lililoegemea ukuta wangu, akaliweka begani na kuelekea njia ya shambani.

— Mama Watiri, ngoja kidogo, Gatimu akaita. Ngoja nifikirie.

Gladwell hakungoja.