Umuvure Mlangoni kwa Bibi Ildefonsa

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Bugarama, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Katekista wa kigango chetu, Mzee Bigirimana uliye Mwenyekiti wa Kitongoji, Baba mkubwa Privatus, uliyetoka Nemba leo alfajiri, Fundi Gidioni, wazee wangu, mama zangu wa jumuiya, majirani, na ninyi watoto mliokaa mkekani: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mliofika, asalaam aleikum. Wakubwa wote, shikamooni.

Na wewe Bibi, uliyekaa pale karibu na beseni, shikamoo yako naitoa peke yake.

Mimi naitwa Nice, binti wa Bizimana, mjukuu wa Bibi Ildefonsa. Nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu, maana hata kwaya naimba mstari wa nyuma. Nilipoambiwa niseme leo, nilimwomba Fundi Gidioni aseme badala yangu. Akanijibu, "Mimi nilipiga misumari. Maswali uliuliza wewe. Kwa hiyo maneno ni yako." Nimekubali, ila naomba mnivumilie nikitazama karatasi kuliko nyuso zenu.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua wote kwa nini tuko hapa. Wakati wa masika Bibi alitoka nyumbani kwenda jikoni kwake, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, akateleza mbele ya mlango wa jiko akavunjika kifundo cha mguu. Mguu ulipona, lakini tangu siku ile anatembea na mkongojo, na mvua ikinyesha hatoki. Baba mkubwa aliumia moyo, na nani asingeumia? Alisema atamchukua Mama yake akaishi naye Nemba, kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji. Bibi akamjibu, "Privatus mwanangu, sakafu yako ni nzuri, lakini migomba yangu itaongea na nani?"

Wakavutana, mkubwa na mkubwa, mpaka Baba mkubwa akatamka neno ambalo sisi wote tulilisikia: "Sawa. Nikija sikukuu ya Noeli, nionyesheni njia ambayo Mama hatateleza hata mvua inyeshe vipi. Nikiiona, atabaki. Nisipoiona, nitaondoka naye." Leo ni sikukuu, na Baba mkubwa amekuja na gari. Nimeona asubuhi godoro jipya limetandikwa nyuma, ili Mama yake asiumie barabarani. Kwa hiyo, ndugu zangu, hatukuja tu kukagua njia ya mbao tuliyotengeneza. Tumekuja kujua Bibi atalala wapi usiku wa leo.

Labda mtu atauliza: kwa nini mbao, kwa nini si saruji? Hata mimi niliuliza. Fundi Gidioni alinipeleka nyuma ya nyumba ya jirani, akanionyesha ngazi ya saruji iliyopasuka katikati kwa sababu udongo wa mteremko huu unahama kila mvua. Akasema, "Saruji ikihama inavunjika. Mbao ikihama, unaisukuma inarudi." Kisha akaniuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo: "Nice, katika kitongoji hiki, ni mbao ngapi nzuri zinangoja kuchomwa?"

Nilianza kutazama. Mheshimiwa Diwani, nilishangaa. Pale mtoni, lilipojengwa kalvati, mbao za daraja la zamani zilikuwa zimerundikwa kando, na watu wa matofali walikuwa wameanza kuziangalia kwa macho ya tanuri. Tunakushukuru kwa kuturuhusu kuzichukua. Kwenye gereji ya barabarani kulikuwa na bodi la lori lililong'olewa, mbao zake bado na rangi. Je, mbao ikitoka kazini imekuwa takataka? Mbona sisi watu tukistaafu tunaitwa wazee, tunapewa kiti?

Nilijifunza kuzihoji. Unagonga kwanza, kisha unasikiliza: ubao mzima unaita, uliooza unanong'ona. Unachoma ncha ya kisu. Ikizama bila kubishana, huo ni kuni. Unanusa pia, kwa sababu mbao zilizowahi kubeba dawa za mashamba hazifai mahali pa kupita miguu mitupu, hata ziwe ngumu namna gani. Halafu unang'oa misumari yote, na kila tundu linabaki na alama ya kutu. Mbao za daraja zilikuwa zimelika katikati, mfereji mmoja mrefu. Nilikaa nikijiuliza ni baiskeli za nani zilizochimba mfereji ule, na ndizi zilikuwa zinakwenda soko gani. Ubao mmoja wa lori una maneno ya njano, "Haraka ya nini." Fundi alitaka kuugeuza uso chini. Bibi akakataa. "Acha. Huo ubao una akili kuliko ninyi."

Sasa, wageni wetu, ningependa kusema kwamba kazi ilikwenda vizuri tangu mwanzo. Haikwenda. Tuliogopa mchwa. Fundi Gidioni anasema mchwa wa Bugarama hawana dini, wanakula mpaka msalaba. Tukafanya kama wanavyofanya wote hapa wakisimamisha nguzo: tukapaka oili chafu. Tukapaka chini, tukapaka kingo, na kwa furaha yetu tukapaka na juu. Njia iling'aa! Mzee Bigirimana alikuja kuitazama baada ya manyunyu, na amenipa ruhusa nilisimulie hili. Alisimama mwanzo wa njia, akasema kwa sauti ya mkutano, "Hii siyo njia, hii ni lami!" Akapiga hatua. Tulichoona baadaye ni kofia yake juu ya ubao, na yeye mwenyewe ndani ya maharage.

Bibi alikuwa dirishani. Akauliza, "Mwenyekiti, umekuja kwa gari gani?"

"Mama Privatus, usinicheke, nimeumia!"

"Sikucheki. Nauliza tu ili na mimi nikipanda nijue pa kushukia."

Kisha akatugeukia sisi, na hapo hakuwa anatania. "Mmepaka mafuta kwenye njia ya mtu mzima?"

Tuliing'oa. Tulikwangua uso wa kila ubao, tukasugua kwa majivu na mchanga wa mtoni. Oili tuliiacha chini na kingoni tu. Fundi akakata mistari midogo kwa msumeno, ikakatisha ubao kama mistari ya tairi, ili mguu upate pa kushika. Chini tukaweka mawe, ili ubao wowote usiguse udongo. Tukaacha nafasi kati ya ubao na ubao maji yapite, lakini nafasi ya kwanza ilikuwa pana na mkongojo wa Bibi ukazama. Fundi Gidioni akauomba mkongojo wenyewe, akautumia kuwa kipimo: nafasi yoyote inayoupokea mkongojo ni kubwa mno. Mzee Bigirimana alirudi kuijaribu siku ya mvua kubwa. Alipita akiwa ameshika kofia mkononi, na safari hii hakuhutubia. Alifika.

Lakini hakufika mlangoni, kwa sababu mlangoni hapakuwa na njia. Pale pale Bibi alipoangukia, mbao zilikuwa zimetuishia. Tulihitaji kipande kipana, kigumu, cha kutandika mbele ya jiko kama kibaraza. Na kipande hicho kilikuwepo. Sote tulikijua, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Watoto labda hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Nyuma ya jiko ulikuwa umelala umuvure wa marehemu Babu, ule mtumbwi wa gogo la kukamulia ndizi za pombe. Hapa kwetu wengi hukamua kwa mikono. Babu alijifunza kazi ile kwa Wahaya, akiwa kijana, na yeye alikanyaga kwa miguu, na nyasi zikiwa ndani pamoja na ndizi. Alirudi na ustadi huo, na akarudi na mwiko wake: mwanaume ananawa miguu, anaingia, anakanyaga, mwanamke haingizi mguu. Babu alipofariki, umuvure ulipasuka kwa jua, ukafunikwa, kuku wakalala chini yake.

Nilikwenda kwa Bibi nikakaa karibu na figa. Nikamwambia, "Bibi, umuvure ule ungetosha mlangoni."

Alisukuma kuni. Kisha akasema, "Ule haukanyagwi na mwanamke."

"Nani alikataza, Bibi?"

"Babu yako."

"Na yeye alikatazwa na nani?"

"Na waliomfundisha."

"Na wao?"

"Nice! Shuleni mlikuwa mnasoma au mlikuwa mnahoji watu?"

Nikanyamaza, maana mimi kunyamaza naweza. Ndipo Bibi akaanza kuongea mwenyewe, taratibu. Akasema, "Ndizi nilikata mimi. Shimo la kuivishia nilichimba mimi. Nilimenya, nikakata nyasi, nikabeba maji. Babu yako akiingia kukanyaga, mimi nilisimama pembeni na kibuyu, nikitazama miguu yake. Alikuwa anacheka kama mtoto. Privatus naye alipokua akaingia, akacheka hivyo hivyo. Sikuwahi kukasirika, mjukuu wangu. Nilitamani kujua tu. Kukoje kule chini ya miguu?"

Ndugu zangu, mimi nilidhani maswali ni ugonjwa wa vijana. Kumbe Bibi yangu amebeba swali moja tangu alipoolewa, na halijachakaa.

Kesho yake alimwita Fundi Gidioni. Akamwambia, "Pasua. Lakini ule upande wa ndani, uliokanyagwa, uwe juu. Na usiupige randa." Fundi akauliza kama tuukate mistari kama mbao nyingine. Bibi akasema hapana, utazameni kwanza. Tuliutazama. Miguu ya miaka yote ile ilikuwa imeula ubao sehemu laini na kuacha mishipa migumu imesimama. Ulikuwa umejikatia mistari yenyewe. Hata tulipoumwagia maji, mguu wangu haukusogea.

Bibi alitoa sharti moja: mwiko wa kuzuia wanawake aliuondoa, lakini desturi ya kunawa miguu aliibakiza. Alisema, "Kuzuia mtu ni jambo moja. Kuheshimu kazi ya mtu ni jingine." Ndiyo maana lile beseni liko pale mwanzo wa njia, na ndiyo maana leo mmeombwa kuvua viatu, waheshimiwa pamoja na sisi wadogo. Msidhani ni ushamba.

Na jambo la mwisho la kuwaambia ni hili: Bibi hajaukanyaga. Ubao umetandikwa, sisi wote tumepita, kuku wamepita, yeye bado. Tulipombembeleza alisema, "Nangoja mwanangu aone. Nikiteleza, aone. Nisipoteleza, aone."

Baba mkubwa, sasa naomba niseme na wewe, na unisamehe nikikosea adabu. Wewe hukuwa na kosa kutaka kumchukua Mama yako. Ungekuwa na kosa kama ungemwacha kwenye tope. Sisi tuliobaki naye hapa tulipita kwenye mteremko ule kila siku, na mpaka aanguke hatukuwa tumeweka hata jiwe. Neno lako ndilo lililotuinua. Lakini katika watu wote waliokusanyika hapa, wewe peke yako uliwahi kuingia ndani ya umuvure ule na miguu yako mitupu, ukacheka. Wewe unalijua jibu la swali lake. Sitaki umwambie. Naomba umnawishe miguu, kisha umwache akatafute jibu mwenyewe.

Mvua leo haijanyesha, lakini hatutaki ushindi wa jua. Watoto wameshika ndoo. Wataimwagia maji njia yote, kutoka nyumbani mpaka jikoni. Bibi atatembea. Akifika mlangoni, mpe uamuzi wako yeye, usinipe mimi.

Na ukiridhika, Baba mkubwa, nina ombi dogo. Lile godoro lililo nyuma ya gari usirudi nalo. Kitanda cha Bibi kipo, ila godoro lake limechoka kuliko mbao za daraja.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa mbao na kwa kuja. Fundi Gidioni, nakushukuru kwa kutonificha kitu nilichouliza. Mzee Bigirimana, asante kwa kuanguka kabla ya Bibi. Wazee na majirani, mkirudi nyumbani tazameni nyuma ya nyumba zenu kabla hamjawasha moto, gongeni, msikilize. Mmenipa masikio yenu nami sikuwa nimezoea kuyaomba, kwa hiyo asanteni sana, asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa.

Watoto, mwageni maji. Bibi, vua ndala.