Meli Isiyo na Alama

Kijiwe cha Galbet, hapa Garissa, ni benchi moja la mbao nje ya kibanda cha Amino, na kahawa yake ya tangawizi humfanya mtu ajue hata asiyoyasoma. Mwenyekiti ni Keynan wa bodaboda, aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa amemaliza kujua. Wenzake humwita Nahodha, ingawa maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Mto Tana. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ya Kathure, muuza samaki wa kukaanga ng'ambo ya barabara. Wiki ya tatu sasa boksi lake lilikuwa likishuka kwenye basi la kutoka Lamu likiwa na barafu tupu. Mvuvi wake wa Kiunga, Bare, aliyemjua kwa sauti ya simu tu, alidai meli kubwa za kukokota nyavu zimeingia kwenye maji ya wavuvi wadogo na kufagia kila kitu. Karai lilikuwa baridi, wateja wamehamia kwa muuza maharagwe. Kathure alitaka kujua: amwamini Bare, au amtafute mwingine?

— Asiyekuwepo na lake halipo, Keynan akahukumu. Bare hayupo, samaki hawapo. Ushahidi umetimia.

Mwalimu mstaafu Silas alisema methali hiyo haikukusudiwa hivyo. Keynan akamjibu kwamba methali ni kama bodaboda, inakwenda anakotaka abiria. Kisha akaongeza mafuta. Kwanza Bare alikuwa anawauzia wenye hoteli za Lamu samaki wa Kathure. Kikombe cha pili, meli zikawa na bomba linalonyonya samaki na mayai yao. Cha tatu, Bare mwenyewe ndiye aliyekuwa akilielekeza hilo bomba, huku amevaa miwani ya jua. Silas alicheka, lakini hata yeye akaanza kujiuliza mbona mtu huyo hutuma maneno tu, picha hatumi.

Ndipo Bishar, mfugaji wa ngamia kutoka Hulugho, akaweka kikombe chini. Wanamwita Mzee Alama, maana akiona chapa ya moto kwenye paja la ngamia atakutajia ukoo wa mwenyewe na mahali wanaponyweshea.

— Mnyama akila shamba la mtu, hakuna kelele, alisema. Tazama alama, jua ukoo, wazee wao watakaa na wazee wenu, watalipa. Meli nayo ina mwenyewe. Mbona huyu Bare hajaenda kwa wazee wa meli?

— Adeer amefunga kesi, Keynan akasema, akimwita Bishar ami kwa Kisomali. Mlalamishi asiyeshtaki, huyo ndiye mwizi. Mama Kathure, tafuta mvuvi mwingine, tena nitakuchagulia mimi.

Kathure akatoa simu, akaanza kutafuta jina la Bare alifute.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni aliyeshuka kwenye basi na gunia. Tangu afike alikuwa ameagiza kahawa tu, na Keynan hakumhesabu.

— Usinifute kwanza, Kathure, mgeni akasema.

Kathure aliijua ile sauti. Simu ikabaki mkononi.

Bare hakumtazama Keynan. Alifungua gunia, akatoa jarife lake, wavu wa kazi yake yote, limekatwa vipandevipande kama mkeka ulioliwa na mbuzi. Halafu akampa Bishar simu yake. Picha ilikuwa ya mchana kweupe: meli kubwa katikati ya mashua ndogo, na ubavuni, pale jina linapokaa, rangi nyeupe mbichi iliyolifunika.

— Nimeenda ofisi tatu. Kila moja wananiuliza jina la meli. Nikasikia Garissa kuna mzee anayesoma alama. Adeer, hii ni ya ukoo gani?

Silas alisafisha miwani. Amino alisimama na birika mkononi, hakumimina. Keynan alikunywa kikombe kilichokuwa kimeisha zamani.

Bishar aliivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza tena. Kisha akaigeuza simu, akatazama mgongo wake, kama mtu anayetafuta chapa kwenye paja la pili.