Natupenda

Bibi aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, kinyozi, habari za mjukuu asiyeweza kutamka "k". Kuku kwake ni tutu, kaka ni tata. Mwezi huu mwalimu wa matamshi anamfundisha kila jioni kwa simu ya bibi huyo, na nyumba nzima hukaa naye kurudia, hata babu, ambaye meno hana.

"Na anaendelea?" kinyozi akauliza.

"Sana. Jana kasema kikombe, tukapiga makofi mpaka kikombe chenyewe kikaanguka."

"Sasa mbona umekunja uso, mama?"

Bibi akashusha sauti, ingawa basi zima lilikuwa linasikiliza. "Akienda kulala huniambia, 'Bibi, natupenda.' Leo mwalimu anataka tumfundishe kusema nakupenda."

"Si ndiyo sahihi?"

"Ni sahihi. Lakini hiyo ni yangu peke yangu. Ile ilikuwa yetu sote."

Nikageukia dirishani. Kwangu siku hizi hakuna wa kunikosea hata neno moja.

"Shuleni watamcheka, mama," kinyozi akasema. "Nawanyoa wale, nawajua."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana naiwahisha simu nyumbani."

Basi likasimama. Bibi akainuka, mkoba kifuani.

"Basi mfundishe," kinyozi akamsihi.

"Nitamfundisha," akajibu, mguu mmoja ukiwa tayari chini. "Ila tukifika kwenye neno hilo, huenda mtandao ukasumbua kidogo."