Saa ya Tatu ya Fundi Sévère

Ifikapo tarehe 30 Juni 2003, Fundi Sévère Nduwimana atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne katika Garaji Umoja ya hapa Mulongwe, Uvira, na siku hiyo hiyo anastaafu. Aliingia Februari 1972 akitoka Katogota kwa miguu, viatu amevishika mkononi ili visichakae njiani. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni mkali. Ukali huo hatujauona mpaka leo, tunaendelea kuutafuta.

Uongozi uliwaacha wenye diplome ukanichagua mimi Michée, kwado, yaani mziba matairi, niandike wasifu huu. Sikushangaa. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nimeziba matairi Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, bila kuhesabu nyumbani. Mtu wa nchi nne hawezi kushindwa na karatasi moja.

Fundi Sévère alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akapanda hadi umeme wa magari, na tangu 1981 ndiye mkuu wa kazi hiyo. Mikono yake imepita kwenye malori ya mchele wa bonde la Ruzizi, kwenye jipu za mapadri, hata kwenye mashine ya barafu ya wauza samaki, ambayo si gari, lakini ilikuwa na waya, na Sévère akiona waya hapiti bila kuusalimia. Mwaka 1988 alipelekwa Rurambo kuamsha lori lililokufa huko juu. Kazi ilikuwa ya siku moja. Alirudi baada ya siku tisa, amenenepa kwa maziwa, akasema lori lilikuwa na matatizo ya ndani sana.

Lakini ukimwuliza mtu wa Mulongwe habari za Sévère, hatakutajia lori. Atakutajia Mukeke.

Mukeke ni gari ya mbio ya milango miwili, rangi ya fedha, nyembamba na ndefu kama samaki aliyeipa jina. Aliileta hapa Aprili 1996 Émérance, mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke aliyekuwa akienda Bujumbura na kurudi kabla chai haijapoa. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu moja tu ya mafuta ya injini, na Émérance hakuiamini. Alitaka saa.

Hapa nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayataeleweka. Katika garaji yetu kila kitu chenye kioo na sindano kinaitwa saa. Cha presio, yaani msukumo wa mafuta, ni saa, cha joto la maji ni saa, cha batri ni saa. Ile ya mkononi tunaiita montre, ili tusichanganye. Tulichanganya hata hivyo.

Émérance alikuja na katalogi, akataka saa saba. Sévère akamwuliza, "Mama, unataka kuendesha ao kusoma?" Naye akamjibu, "Weye fundi, minye najua yote mbili." Walibishana wiki mbili. Sisi wengine tulisogeza kazi zetu karibu ili tusikie vizuri; mimi niliziba tairi moja mara tatu. Mwishowe walikubaliana saa tatu tu. Ya kwanza ya presio, ile ya bomba jembamba la shaba linaloleta mafuta yenyewe kutoka kwenye injini, kwa sababu Sévère aliona waya unaweza kudanganya, lakini mafuta yakifika yamefika. Ya pili ya joto la maji. Ya tatu ya batri. Émérance alitaka taa nyekundu itolewe kabisa. Sévère alikataa, akafunga kiungo cha njia mbili kwenye injini ili taa na saa vinywe mahali pamoja. "Taa inakuletea habari ya kifo," alimwambia. "Saa inakuletea habari ya ugonjwa." Maneno hayo yako mpaka leo, kwa chaki, juu ya meza yake.

Alikata matundu matatu kwenye dashibodi kwa mkono, akimalizia kwa tupa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine wa Uvira aliyekuwa akilifanya. Kabla ya kukaza kila saa aliwasha injini, akaiacha ipate joto lake la kawaida, halafu akaizungusha saa yenyewe ndani ya tundu mpaka sindano iangalie juu kabisa. Namba zikabaki zimeinama. Patron, bosi wetu wa wakati ule, alipoziona alisema, "Sévère, hizi umezifunga ukiwa umekunywa." Ikabidi aelezwe kama mtoto: dereva wa mbio hana nafasi ya kusoma namba. Anatupa jicho mara moja. Sindano zimesimama, anaendelea. Moja imelala, anasimama yeye.

Saa mbili zilifungwa hivyo. Ya tatu ilikuwa imeagizwa, haijafika, na vita ikafika kabla yake.

Ilikuwa Oktoba. Émérance alipanda batelo, boti ya mbao, pale bandari ya Kalundu pamoja na mama yake mzazi na furushi moja la vitenge, wakielekea Kigoma. Sévère aliwasindikiza, nami nilikuwepo, nimebeba furushi. Émérance alimpa Sévère ufunguo wa Mukeke akamwambia, "Malizia tundu." Sévère akamjibu, "Leta saa." Basi. Wengine huagana kwa machozi. Hawa waliagana kwa vipuri, na kila aliyekuwa kwenye mchanga ule alielewa.

Gari ya namna ile katika vita ni kama mbuzi aliyenona. Sévère aliiinua juu ya magogo, akaifunika kwa mikeka na nyavu kuukuu. Hata hivyo, katika vita ya pili, mkubwa mmoja wa wakati ule aliisikia habari yake akaja kuichukua na watu wake. Sévère hakubisha. Alimfungulia mlango kwa heshima, akamkalisha, akawasha injini. Mukeke ikanguruma vizuri kabisa, lakini sindano ya presio ikabaki imelala kwenye sifuri. "Mkubwa," Sévère akasema kwa huzuni, "haina presio. Itakufa kabla ya kufika pa daraja." Yule mkubwa akaitazama sindano, akaipiga kioo kwa kidole, sindano haikutikisika. Akashuka akisema, "Saa haiwezi kusema uongo," akaenda zake na jipu ya mtu mwingine. Asubuhi ile Sévère alikuwa amelifungua lile bomba la shaba upande wa injini akaliziba tundu lake kwa bolti. Ni mara moja tu katika miaka thelathini na moja saa yake imedanganya mtu, na aliungama Jumapili iliyofuata.

Sasa nifike kwenye kosa, ambalo si lake.

Mwaka 1999 nilikwenda Kigoma kutafuta mpira wa kuzibia. Sokoni nikamkuta Émérance nyuma ya meza ya vitenge, amekonda, sauti ni ile ile. Aliuliza kwanza habari za Mukeke, kisha za Sévère. Ao labda alianza na Sévère, siku nyingi zimepita. Nikamwambia gari ipo, tundu lipo, fundi yupo. Alikunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Kisha akanituma: "Mwambie fundi, nitakuja na saa ya tatu."

Nilisafiri siku mbili juu ya mawimbi, nikitapika kama mtu asiye na nchi nne. Nilipofika nilimwambia Sévère, kwa sauti kubwa, mbele ya garaji nzima: "Émérance anasema atakuja saa tatu."

Maneno mawili madogo, "na" na "ya", yalianguka ziwani.

Sévère hakuuliza ni siku gani. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa Kalundu, ameoga, amevaa shati lisilo na mafuta. Saa nne alikuwa amerudi chini ya lori lake. Kesho kutwa vilevile. Siku za mvua alikwenda, siku ambazo risasi zililia upande wa milimani alikwenda akifuata ukuta. Katika kitabu cha zamu mstari wake uko tangu 1999 bila kukatika: Sévère, saa tatu mpaka saa nne, Kalundu. Patron watatu wamepita hapa, na hakuna hata mmoja aliyeufuta.

Mimi nilidhani nimeleta habari njema. Mpaka mwisho wa 2001, mama mmoja muuza mawese alipotoka Kigoma na salamu: Émérance anauliza kama fundi alipata habari, maana ile saa ya tatu bado anaitafuta, akiipata atakuja nayo. Pale ndipo maneno yangu mawili yalipotoka ziwani yakanirudia. Nilizunguka ua wa garaji mara nne. Kisha nikaenda pale Sévère alipokuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaiambia ile miguu kila kitu.

Halafu sauti ikatoka: "Michée, minye nilijua tangu siku ile. Émérance hajawahi kufika saa tatu mahali popote."

Nikamwuliza, kama ni hivyo, Kalundu anaendea nini kila asubuhi.

"Kungojea bila saa ni ugonjwa, ndugu yangu," akasema. "Weye ulinipa saa. Nipe na ile spana ya kumi na tatu."

Nilimpa. Kisha nikarudi kwenye matairi yangu.

Mwezi uliopita wafanyakazi tulichanga tukapata saa ya batri kutoka Bujumbura, mpya, ndani ya boksi lake, ili tundu la Mukeke lizibwe kabla mzee hajaondoka. Aliishika, akaigeuza, akaisifu sana, kisha akaomba tuifunge kwenye lori la garaji. Tundu la Mukeke lina mwenyewe. Uongozi umekubali gari ihamie uani kwake, na kila Ijumaa ataiwasha kama alivyozoea, asimame dirishani aziangalie sindano mbili zikisimama.

Fundi Sévère, kwa niaba ya Garaji Umoja tunakushukuru. Umetufundisha kusikia injini kabla haijalia, na kukaza bolti bila kuitukana. Wote mnaalikwa kwenye sherehe Jumamosi tarehe 28 Juni, hapa uani, saa nne kamili. Programu ya kwanza iliandikwa saa tatu. Nimeirekebisha kwa mkono wangu, na safari hii hakuna neno lililoanguka. Saa tatu mstaafu hana nafasi.

Uishi vizuri, kaka yetu, na sindano zako zisimame, zote tatu.